Mtu Asiye na Mdomo pale Stesheni

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti, tukae kitako. Leo tunamkumbuka Mzee Kichuguu, fundi wa mandhari ya treni ndogo za mfano, zile zinazozunguka mezani. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Mzee Kichuguu, mjenga milima ya mezani, hatunaye tena.

Milima yake ilikuwa ya plasta juu ya wavu wa waya. Majani yalikuwa unga wa mbao uliotiwa rangi. Mito aliimimina kwa vanishi, tabaka moja likauke ndipo lije la pili. Na miti? Miti ilikuwa madodoki. Mkewe anacheka na kulia kwa pamoja: "Nilioga kwa kiganja miaka yote ya ndoa. Kila dodoki nililonunua liliota mlimani!"

Sasa sikilizeni kisa chenyewe. Ukumbi wa reli uliagiza mlima mkubwa wenye stesheni na daraja. Mzee aliujenga peke yake. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alichonga miguu ya meza. Miguu ya meza, basi! Siku ya uzinduzi, shemeji akavaa kofia yake ya bluu, akasimama mbele ya wageni, akasema, "Mlima huu nimeufinyanga kwa mikono yangu." Macho makavu! Mzee alikuwa nyuma ya umati, plasta bado iko kwenye kucha.  Alirudi nyumbani, akachukua kibano.

Akatengeneza kijisanamu. Tumbo mbele, kofia ya bluu, sanduku mkononi, mguu mmoja juu, anakimbilia treni. Akakigandisha pembeni mwa reli, kwenye stesheni ya mlima wake mwingine, ule wa sebuleni. Treni ikizunguka, inampita. Ikirudi, inampita tena. Watoto wa mtaa walijaa dirishani: "Huyoo, kaachwa tena!" Mtaa mzima ukamjua ni nani.

Shemeji alikuja juu kama moto wa kifuu. "Huyu ni mimi?"

"Mtazame vizuri," Mzee akamjibu. "Huyu hasemi uongo. Sikumwekea mdomo."

Kati yao alisimama mke, moyo umegawanyika. Huku mume, kule kaka. "Nilimwambia, mume wangu, mpandishe basi kwenye treni, tumezaliwa tumbo moja. Akanijibu, mke wangu, aseme kweli mbele ya watu, nitampandisha mwenyewe na kiti cha dirishani nitampa."

Shemeji hakuisema kweli hiyo. Miaka ikapita, Mzee akaugua, akafa. Mtu wa kofia ya bluu akabaki nje ya treni.

Asubuhi ya mazishi, mama huyu aliamka na matumaini. Akachukua wembe, akambandua kaka yake polepole, gundi ya zamani ikakwaruza. Akamweka kwenye mfuko wa gauni. Akisema kweli leo, nikirudi nampandisha. Ndivyo alivyojiapia.

Makaburini shemeji akaomba nafasi ya kusema.  Mama akashika mfuko. Shemeji akajifuta jasho, akasema, "Nimempoteza msaidizi wangu. Ule mlima wa ukumbini, alinisaidia sana."

Msaidizi! Mbele ya kaburi la mwenyewe!

 Mama alirudi nyumbani, akafungua chupa ya gundi ya marehemu mumewe. Mumewe alizoea kutia tone moja. Yeye alimimina. Akamrudisha kaka yake palepale, akamshikilia kwa kidole mpaka gundi ikakamata. Kisha akawasha treni, akakaa kuitazama.

Pole, mama. Poleni, watoto na wajukuu. Mungu ampumzishe Mzee Kichuguu. Nasi wasikilizaji tujipime: ni jasho la nani tunalitembeza mjini kama letu?

Na wewe wa kofia ya bluu, najua redio unayo. Simu ya studio iko wazi, na mdomo unao. Huko sebuleni treni bado inazunguka, na anayeiendesha sasa ni dada yako.