Papa Evariste Zihindula, Mutu Aliyesema «Ni Miye»

Père padri, wazee, wandugu na majirani wa Majengo, habari za maisha ya Papa Evariste Zihindula ninawasomea miye Charline, mutoto wa dada yake. Humu ndani kuna neno ambalo watu hawasemi mbele ya kaburi. Marehemu mwenyewe aliomba lisemwe. Mwenye haya azibe masikio.

Marehemu alizaliwa Katana, upande wa Bukavu, tarehe 14 Juni 1968, mutoto wa pili wa muzee Balagizi na mama M'Cubaka. Alisoma shule ya primaire palepale Katana, kisha sekondari, humanités za biashara, Bukavu, akapata diplôme d'État mwaka 1989. Pourcentage ya alama zake hakupenda tuulize. Tukiuliza, alijibu, «Nilipita. Inatosha.»

Mwaka 1992 alifika Goma, akawa magasinier, mutunza stoo, wa depo moja ya rangi na misumari huko Murara, na kazi hiyo aliifanya mpaka ugonjwa ulipomuangusha. Mudomo wake ulijua kuchokoza. Mwanaume akija kununua rangi ya nyumba, Papa Evariste alimuuliza, «Bibi yako anajua? Rudi umuulize kwanza.» Patron, mwenye depo, alikasirika, lakini wateja walirudi.

Alifunga ndoa na Mama Léonie, mushonaji wa Mabanga, siku ya Posho, yaani Jumamosi, tarehe 11 Desemba 2004. Walipendana, hilo hakuna asiyelijua. Lakini mutoto hakuja. Mwaka wa kwanza watu walinyamaza, wa pili wakanong'ona, wa tatu wakasema wazi. Kosa lilitupwa juu ya Léonie. Alikunywa majani ya kila namna, alifanya novena, sala za siku tisa, akaacha hata kwenda kwenye ubatizo wa watoto wa jirani kwa sababu ya macho ya watu. Mukwe wake, M'Cubaka, kila alipokuja toka Katana alimuuliza mbele ya wageni, «Weye, unakula tu?» Jamani, maneno yanauma!

Miaka ikapita, mwishowe daktari alimupima Léonie, akamukuta muzima. Akasema, «Sasa mulete bwana.» Huku kwetu mwanaume akiambiwa vile anageuka moto. Papa Evariste naye alinuna, akasusa chakula, kisha akaenda. Kumbe shida ilikuwa kwenye mbegu zake. Ndilo lile neno, Père, mutusamehe. Mbegu zilikuwa nyingi, ila vichwa vyao vilikuwa mviringo, visivyo na ile ncha ya kuingilia ndani ya yai. Damu yake ilipelekwa mbali, ng'ambo, na jibu likarudi: alikosa jeni moja, yaani agizo dogo ndani ya mwili linalofundisha kichwa cha mbegu namna ya kujitengeneza. Jeni lenyewe jina lake ni herufi na namba, sawa plaque ya namba ya gari. Daktari akawaeleza wote wawili kwamba ile hali si uchawi, wala si ya uzinzi. Inatoka kwa wazazi: baba anatoa nusu ya kasoro, mama anatoa nusu, na wenyewe ni wazima, hawajui kitu.

Siku ya Yenga, yaani Jumapili, tarehe 18 Machi 2018, M'Cubaka alifika Majengo pamoja na muzee Bahizire, baba mudogo wa marehemu, kuja kumurudisha Léonie kwa wazazi wake. Léonie alikuwa amekwisha kukunja nguo zake. Papa Evariste akasimama katikati ya sebule.

«Mumuache bibi yangu. Ni miye.»

«Ni weye nini?» Bahizire akauliza.

«Ni miye nisiyezaa. Daktari ameona.»

M'Cubaka akapiga kelele, «Nani amekuroga, mutoto wangu?»

«Hakuna, mama. Nilizaliwa vile.»

«Vile namna gani? Si ni miye nilikuzaa?»

Hapo Papa Evariste alificha jibu, asimuumize mama yake. Léonie naye, ambaye alijua jibu lote na angeweza kumutupia mukwe wake usoni, alinyamaza. Toka siku ile, mwanaume yeyote aliyetaka kumufukuza bibi kwa ajili ya mutoto, Papa Evariste alimufuata mpaka kwake na kumuambia, «Nenda upimwe kwanza, usiwe mujinga kama miye.» Wawili watatu walimutukana. Wengine walienda.

Ugonjwa wa sukari ulimushika mwaka 2023, ukafikia figo. Oktoba hii M'Cubaka alikuja hospitali kumuuguza. Akiwa pembeni ya kitanda, akauliza ile hali ilitoka wapi, na mara hii mutoto wake alimuambia yote, hata ile nusu iliyotoka kwake mama. Mama akamugeukia Léonie.

«Na weye ulijua?»

«Nilijua, mama.»

«Miaka yote hii, na mudomo wangu huu, hukunirudishia?»

«Ningekurudishia nini? Ni weye uliyemuzaa bwana yangu.»

M'Cubaka akalia mbele ya wagonjwa wote. Ni yeye aliyeniruhusu kusoma haya. Papa Evariste alituacha siku ya Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, mukono wake ndani ya mukono wa Léonie.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi mulizo nazo, yametokea leo asubuhi. Muzee Bahizire alileta kipande cha makala, yaani makaa ya kupikia, ndani ya jani la mugomba. Desturi ya zamani ya mulango wetu, yaani ukoo, ni kwamba mutu asiyezaa anawekewa makala ndani ya sanduku, jina lake lizimike, na mujane arudi kwao. M'Cubaka akanyoosha mukono, akasema, «Lete.» Tulidhani atayaweka. Akatoka nayo mpaka kwenye babula, lile jiko la makala la hapa kilioni, akayatupa motoni, akapiga magoti yake yale mabovu, akapuliza mwenyewe, mpaka maji ya chai yakachemuka. Kikombe cha kwanza alimupa Léonie. «Kunywa, binti yangu. Hautoki hapa.»

Marehemu ameacha mama yake, M'Cubaka; dada yake, Micheline; sisi wapwa na wajukuu wa dada, ambao mudomo wake ulitulea; na Léonie, ambaye M'Cubaka ameamuru nimutaje kuwa mutoto wake wa kumuzaa.

Papa Evariste, Mungu akupokee. Lala bila wasiwasi, bibi yako yuko kwake.