Fundi Siyo-Chumvi, Sonara wa Pete Zilizokatika

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kitindamimba wa baba sonara na mama mshonaji.

Alisoma hadi kidato cha pili. Somo ambalo hakulisahau ni la kemia: kwamba ndani ya boraksi, ule unga mweupe wa baba yake, mna boroni, elementi ya tano, inayosaidia vioo vya maabara kustahimili moto, na kwamba boroni ilipata jina kutokana na boraksi. "Kumbe mtoto amepewa jina la mzazi," alimwambia mwalimu. Mwaka 1967 baba yake alipofifia macho, aliacha shule akashika kazi.

Kwa miaka hamsini na mbili alifanya kazi katika chumba kimoja chini ya ngazi. Alipaka boraksi penye ufa, akaelekeza moto. Unga ukayeyuka kama kioo, ukaondoa uchafu na kuzuia hewa, na ncha ya moto ikageuka kijani. "Lehemu haishiki penye uchafu," aliwaambia wachumba waliofuata pete, wapende wasipende.

Alifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1976. Wiki ile ile mkewe alichota unga kwenye kopo la kazi, akautia kwenye mboga. Bwana harusi akaikwapua sufuria na kuimwaga nje. "Mume wangu, hata hujaonja!" Kesho yake kopo liliandikwa SIYO CHUMVI, na jina likamganda mwenyewe.

Mwaka 2019 mikono ilianza kutetemeka, binti yake akashika meza. Tusimvike marehemu kilemba cha ukoka: hakuugua kwa subira. Januari mwaka huu kidole cha mkewe kilivimba, muuguzi akaikata pete ya ndoa. Marehemu aliapa kuiunga mwenyewe kabla hajafa. Alijaribu mara tatu. Unga ukamwagika mezani, naye akalia mbele ya binti yake. Tarehe 2 Juni alimsukumia kopo.

"Haya. Ukiiunguza, tutajuana."

Binti aliiunga. Mzee alishika lenzi kwa mikono miwili, akaitazama pete weee, kisha akauliza, "Walikata wapi?"

"Sikwambii, baba."

Alicheka hadi akakohoa. Alifariki nyumbani tarehe 19 Juni, saa kumi alasiri.

Ameacha mjane, binti mmoja, wana wawili na wajukuu watano. Mama ameivaa pete hiyo leo. Mtakaompa mkono wa pole, msihangaike kutafuta kiungo. Mikono ya fundi wetu sasa imetulia. Mungu amlaze pema.