Madoa Mawili ya Kijani

Benchi la pale njia panda ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Bado lina tundu la kitasa, na kila mgeni lazima alikalie mara moja ndipo ajue. Limeegemea ukuta wa duka la kinyozi na kutazamana uso kwa uso na taa za kuongozea magari, kwa hiyo wakaaji wake wa kila jioni wamejipa cheo: macho ya mtaa. Hakuna kinachopita hapa tusikione, ndivyo wanavyojinadi. Jioni hiyo walikuwa watatu: Meneja, ambaye hajawahi kumsimamia mtu yeyote isipokuwa meza yake ya makava ya simu, Kinyozi, mwenye ukuta, na Mzee Betri, fundi wa saa na tochi. Shangazi, muuza kahawa, alikuwa anapepea makaa, mgongo kwao, taa yake ya kuchaji ikiwa bado haijawashwa. Msichana waliyemwita Hoja, kwa midahalo yake ya chuoni, akavuka barabara akiwa na mfuko wa vitabu begani na uso wa mtu aliyekuja kuchukua kitu chake.

— Sogeeni, sogeeni, mheshimiwa mpinzani amefika, alisema Meneja.

— Shikamoo Mzee Betri. Shikamoo Shangazi.

— Marahaba mwanangu. Kaa, ila si hapo kwenye tundu.

Hoja hakukaa. Hakuwa na haja ya kueleza alichofuata, maana mtaa mzima ulijua. Juzi jioni gari la mikate lilimgonga fundi bomba aliyekuwa anakatiza njia panda na baiskeli yake. Fundi yuko hospitali, mguu umevunjika. Dereva wa gari la mikate ni kaka yake Hoja, aliyemlea tangu mama yao alipoondoka. Kaka anasema taa ilimruhusu. Fundi anasema taa ilimruhusu yeye. Na mwenye kiwanda cha mikate amesema neno moja tu: kesho asubuhi dereva alete ushahidi, au alete funguo za gari.

— Kaka Meneja, nasikia ulipiga picha.

— Nilipiga? Nilichora, mdogo wangu! Njoo uone.

Meneja akaifuta simu kwa pindo la shati, akamkabidhi kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto mchanga. Kwenye picha, chini kulia, gari la mikate lilikuwa limesimama upande, taa zake za mbele zikiwaka. Mbele yake baiskeli imejikunja. Juu kushoto palikuwa na mlingoti wa taa za kuongozea, na juu ya mlingoti huo, rangi ya kijani.

— Umeiona hiyo? Kijani kama jani la mgomba! Kaka yako hana kosa.

Hoja akapumua kwa mara ya kwanza tangu juzi.

— Nitumie basi, nimpelekee.

— Subiri kwanza. Lazima ujue imepigwa na kioo gani. Kioo cha simu hii kimepakwa utando maalumu. Mwanga ukija vibaya, kinaukataa. Kwa hiyo kilichotokea hapo hakiwezi kuwa uongo.

— Utando gani? akadakia Kinyozi. Hayo ni mafuta tu. Hata mimi kichwa cha mteja nikikipaka mafuta kinang'aa. Simu yangu nayo imepakwa, ila yangu ukiigeuza inang'aa zambarau.

— Zambarau ni kampuni ya watu wa bei poa. Kijani ndiyo wenyewe.

— Nani kakwambia? Zambarau ni rangi ya wafalme!

— Hamjui kitu nyote wawili, alisema Mzee Betri, akanywa funda na kuliacha neno lake lisubiriwe. Hizo rangi ni sare. Kampuni zinapaka vioo vyao kama timu zinavyovaa jezi. Juu kule kuna mitambo inazunguka dunia, inatazama chini, inahesabu: hawa wetu, hawa wao. Mnadhani mmenunua simu. Mmesajiliwa.

— Mzee, na yako je? Mbona haina rangi?

— Yangu naisugua kila wiki kwa dawa ya meno. Mimi hawanipati.

Shangazi akacheka bila kugeuka. Hoja hakucheka. Alikuwa ameikuza picha kwa vidole viwili ili aifurahie vizuri ile kijani, na furaha ikamganda mkononi. Kumbe haikuwa kijani moja. Yalikuwa madoa mawili, yamekaa pamoja kama macho. La kushoto lilikuwa hafifu kuliko la kulia.

Hoja alikuwa ameshakutana na madoa ya namna hiyo. Chuoni hupigia gazeti la wanafunzi picha, na picha yake ya kwanza ya ukurasa wa mbele ilimwonyesha mkuu wa chuo akihutubia huku paji la uso wake limepambwa kwa doa la zambarau. Mhariri alimkalisha chini mchana kutwa, akamwonyesha doa lilikotoka. Hoja akashuka tena na macho kwenye picha ya Meneja, mpaka chini kulia. Taa mbili za gari. Ya kulia ilikuwa imepasuka, inawaka kwa taabu.

Akaizima simu. Akajiambia kwamba hajaona kitu. Watu wanapeleka ushahidi wa ovyo kuliko huo kila siku na maisha yanaendelea. Mwenye mikate naye hajui vioo. Kesho asubuhi angeitazama ile kijani, angekohoa, angemrudishia kaka kazi yake. Nani angepata hasara?

— Na tena, alisema Meneja, yule fundi bomba ni mwongo mkubwa. Mtu amekatiza kwenye taa nyekundu, sasa anajililia hospitali. Akitoka alipe na ile taa ya gari aliyoipasua kwa usukani wake.

— Alipe! akaitikia Kinyozi. Picha imesema.

— Picha haijasema kitu, alisema Hoja.

Sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia. Wanaume watatu wakamtazama.

— Hiyo si taa ya barabarani. Ni taa za gari la kaka.

— Taa za gari ni nyeupe, Hoja. Na ziko chini.

— Kaka Kinyozi, dukani kwako una kioo mbele na kioo nyuma. Mteja akikaa katikati anaona vichwa vyake vingapi?

— Havihesabiki.

— Kichwa chake ni kimoja. Vingine vimetoka wapi?

— Si vioo vinarushiana!

— Basi ndani ya kamera ni hivyo hivyo. Si kioo kimoja, ni vioo vidogo vitano sita vimepangana. Mwanga mkali ukiingia, mwingi unapita, kidogo kinagonga kioo hiki, kinarudishwa, kinagonga kile, mwisho kinatua pasipo pake. Ndiyo hayo madoa.

— Lakini nimekwambia kina utando! Meneja alishika moyo.

— Kina, na unafanya kazi. Ni mwembamba kuliko povu la sabuni. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando na ule unaorudi kutoka chini yake inakutana na kumalizana. Bila huo picha nzima ingekuwa ukungu. Ila hauwezi kumaliza rangi zote sawasawa. Inabaki kidogo. Kampuni yako inabakisha kijani, ya Kinyozi inabakisha zambarau, nyingine inabakisha rangi kama ya chai. Kila kampuni na mapishi yake, na hawaambiani.

— Maneno ya darasani hayo.

— Shangazi, tuwashie taa yako.

Shangazi akaiwasha ile taa ya kuchaji, akaitundika kwenye msumari. Hoja akaielekezea simu ya Meneja, taa ikiwa chini kulia mwa kioo. Juu kushoto mwa skrini, pasipo na kitu isipokuwa ukuta, likatokea doa la kijani. Akaisogeza simu polepole. Doa likatembea upande wa pili, likapita juu ya paji la Mzee Betri, likashuka, likapanda.

— Taa ya barabarani hutembea hivyo?

Akachukua simu ya Kinyozi: doa likaja la zambarau. Akachukua ya Mzee Betri: doa halikuonekana, picha nzima ilikuwa maziwa.

— Utando wako umeumaliza kwa dawa ya meno, mzee.

— Lakini hawanipati, alisema Mzee Betri, ingawa si kwa nguvu ya mwanzo.

— Sasa rudini kwenye picha. Gari lina taa mbili, madoa mawili. Doa huja limegeuzwa, juu chini, kulia kushoto. Taa iliyopasuka iko kulia, doa hafifu liko kushoto. Na taa yenyewe ya mlingoti haionekani kabisa, kichwa chake kimemezwa na weupe.

Walipokezana simu. Kila mmoja alikuza, akapunguza, akakuza tena, kana kwamba madoa yangeona haya na kuungana. Mwisho Meneja akairudisha mfukoni, akamtazama Hoja kwa mtazamo usio na mzaha.

— Nikuulize, mdogo wangu. Wewe uko upande wa nani?

— Upande wa...

— Maana yule ni kaka yako. Ada yako ya chuo inatoka kwenye mikate hiyo. Sisi majirani tunambeba, wewe unambwaga.

— Simbwagi. Mimi nasema picha haithibitishi.

— Mashindano ya midahalo ni ya chuoni, alisema Kinyozi kwa upole. Hapa watu wanatafuta ugali.

Hilo lilimchoma kuliko la Meneja, kwa kuwa lilisemwa bila hasira. Alikuwa na majibu matatu. Yote yalikuwa mazuri, na hakuna hata moja ambalo angeweza kumwambia kaka yake mezani. Akakaa. Akakalia tundu.

Hapo ndipo akatokea mwanamke wa makamo, kandambili miguuni, mkoba wa hospitali mkononi, flaski ikichungulia. Alisimama kando ya makaa kama anayeogopa kukatiza maongezi ya watu.

— Hamjambo wanangu?

— Hatujambo mama. Karibu kahawa.

— Nashukuru. Nimeelekezwa kwamba kuna benchi la watu wanaoona kila kitu kinachopita hapa.

— Ndiyo sisi, alisema Meneja, akajinyoosha.

— Mimi ni mama yake fundi bomba.

Mzee Betri akaona ghafla kwamba kikombe chake kina kitu cha kutazamwa ndani. Hoja akasogea, akampisha upande usio na tundu. Mama akakaa, mkoba mapajani.

— Anaendelea vizuri? aliuliza Hoja, na mwenyewe akasikia jinsi swali lilivyokuwa dogo.

— Usiku analia, mchana anajikaza. Naambiwa mlipiga picha.

Meneja akatoa simu. Alifikiri kidogo, kisha akampa bila hotuba yoyote kuhusu kioo. Mama hakuyatazama madoa. Vidole vyake vilienda moja kwa moja chini, kwenye baiskeli iliyojikunja na mguu wa suruali nyuma yake.

— Huyu hapa. Kumbe mlipiga ameshaanguka.

— Ndiyo, mama.

— Na gari limeshasimama.

— Limeshasimama.

— Sasa, wakati anakatiza, taa ilikuwa rangi gani?

Kahawa ilichemka juu ya makaa. Hoja alihisi uso unamwaka. Alikuwa amepima doa la kulia na la kushoto, amewafundisha utando na povu, amegombana na kijiwe kizima juu ya kilichomo katika picha. Lakini kwamba picha ilipigwa baada ya ajali, wakati taa ilikuwa imeshapata nafasi ya kubadilika mara mbili, hakuna kichwa pale kilichofikiria hilo, chake kikiwa cha kwanza.

Kinyozi akajaribu.

— Mama, huu utando... inawezekana unashika mwanga wa nyuma. Yaani mwanga wa kabla. Halafu unautoa baadaye.

Hakuna aliyemuunga mkono. Hata yeye alikuwa ameanza kuitazama sentensi yake kama inayotoka kinywani mwa mtu mwingine.

— Siulizi picha, baba. Nawauliza nyinyi. Mlikuwa hapa?

— Tulikuwa hapa.

— Wote?

— Wote watatu.

— Na taa ndiyo ile pale mbele yenu. Mlikuwa mnatazama wapi?

Shangazi ndiye aliyejibu, akiendelea kupepea.

— Walikuwa wameiinamia hiyo simu, mama. Ilikuwa mpya. Wanabishana kioo chake ni cha kijani au cha zambarau. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, kama hivi. Tulisikia kishindo tu.

Meneja hakukanusha. Mama aliitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi, kama mtu anayepokea chenji ndogo kuliko alivyotegemea. Akamrudishia simu, akaanza kuifunga flaski vizuri ndani ya mkoba ingawa haikuwa imefunguka.

Simu ya Hoja ikatetemeka mfukoni. Akaitazama: Kaka. Akafikiria kuinuka aende kuongelea kando. Hakuinuka.

— Haloo, kaka.

— Umeipata? Meneja kasema kuna picha, ina kijani kabisa. Umeipata?

Sauti ilisikika benchi zima. Mama akaacha kuhangaika na flaski.

— Kaka, alisema Hoja. Achana na picha. Wewe mwenyewe uliiona taa?

Ng'ambo ya barabara taa ilikuwa nyekundu. Macho ya mtaa, yote, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, yalikuwa yameielekea. Magari yakasubiri. Taa ikawa kijani, magari yakaondoka, ikawa njano, ikarudi nyekundu, na kwenye simu kaka alikuwa bado hajasema kitu.