Vendelín Hudec, Mchimba Mgodi wa Plasta

Ndugu, majirani na marafiki mliofika katika nyumba hii ya maombolezo, kabla jeneza halijafungwa nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu. Mimi ni Klotilda, mdogo wake.

Vendelín alizaliwa tarehe 23 Oktoba 1969 hapa Banská Štiavnica, mtoto wa kwanza wa Gašpar Hudec, mchimba madini, na mkewe Apolónia. Baba alifariki Februari 1983 kwa ugonjwa wa vumbi la mawe mapafuni. Mwaka wake wa mwisho alilala ameketi, maana akijilaza alikosa hewa. Sisi watoto tulizoea kulala na sauti ya kifua chake, na iliponyamaza ndipo tulipoamka. Jioni ya mazishi Mama alimkalisha Vendelín jikoni mbele ya bakuli la supu ya kabichi, akamwambia, "Chini huko huendi. Nimeshaupa mgodi mtu mmoja. Wa pili haupati." Kaka alikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliapa, kisha akaomba mkate.

Alisoma shule ya msingi mjini hapa, kisha chuo cha ufundi wa afya huko Banská Bystrica, akahitimu mwaka 1988 kama fundi wa meno ya bandia. Mama alifurahi kupita kiasi. Kazi ya mezani, koti jeupe, dirisha lenye jua! "Wangu hachafuki hata kucha," aliwaringia majirani. Kwa zaidi ya miaka thelathini alifanya kazi katika karakana moja ya meno mjini Zvolen, na wengi wenu mtakaotafuna leo baada ya mazishi mtatafuna kwa kazi ya mikono yake.

Tarehe 17 Juni 1995 alimwoa Darina, mwanamke mpole kuliko sisi wote. Mwaka uliofuata rafiki yake Imrich alimletea kalibu ya kwanza, ya mpira laini, yenye vishimo vya matofali madogo kama punje za mahindi. Vendelín alikoroga plasta ya meno iliyobaki kazini, ule unga mweupe unaoganda ukitiwa maji, akaimimina, akaigonga meza ili mapovu yatoke, na ilipokauka akabandua ukuta wa ngome. Tangu siku hiyo tulimpoteza kidogo kidogo. Kila Ijumaa yeye na wenzake walikutana katika chumba cha chini ya nyumba kucheza ule mchezo wa dadu ambamo watu wazima hujifanya mashujaa wanaoshuka kupigana na mazimwi. Kaka ndiye aliyewajengea pa kushukia: ngazi, seli, visima, makaburi, yote madogo ya kuenea juu ya meza. Ukizima taa ya juu ukaacha ya mezani, hata mimi nisiyecheza niliogopa kuingiza mkono.

"Vendo, jela nzuri, lakini choo kiko wapi?" Imrich alimtania siku moja.

"Mazimwi hayana choo, Imro. Unadhani hasira zile zinatoka wapi?"

Tulicheka sana. Nawaambia ili mjue kwamba chumba kile kilikuwa pia na furaha.

Lakini plasta tupu haikumridhisha. Ilikuwa nyeupe mno, laini mno. Alitaka jiwe. Akapanda kwenye kifusi cha mgodi wa zamani, ule ule wa baba, akachota mawe ya kijivu yanayometa, akayasaga unga na kuuchanganya na plasta. Vipande vikatoka vya kijivu na vigumu, wenzake wakashangilia. Sasa, mgongo wa kila kipande lazima usuguliwe kwa msasa ili kikae sawa. Wenye subira husugua kwa maji, lakini kipande kilicholowa hukawia kukauka, na Ijumaa haimngoji mtu. Kaka alisugua vikavu, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi. Darina alimnunulia barakoa, naye Kaka akaiacha imetundikwa msumarini. Siku Mama alipomwona akipanda kutoka chini, nywele na kope zimejaa vumbi, sahani ilimponyoka. Alikuwa ameshamwona mtu huyo akipanda, kutoka mgodini. Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kaka alisikia, akatii, na guu likavunjika vile vile.

Kikohozi kilianza mwaka 2017. Machi 2021 daktari aliitundika picha ya mapafu yake mbele ya mwanga. Mama aliitazama akasema, "Hii ni ya Gašpar." Miaka miwili ya mwisho Vendelín alilala ameketi. Alifariki nyumbani alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Namlilia kaka yangu, na nina hasira naye.

Mama aliomba kalibu zote zizikwe naye. Zipo miguuni pake. Juzi tulipozipanga jikoni kwa Mama, ile ya ngazi haikuonekana, nikamuuliza Sidónia, binti yake.

"Shangazi, mimi si Baba," akanijibu. "Nitasugua kwa maji. Barakoa nitavaa."

"Baba yako naye alikula kiapo, kwenye meza hii hii," Mama akasema.

Sidónia akakohoa.

"Mafua tu, Bibi."



Marehemu ameacha mama yake Apolónia, mjane wake Darina, binti yake wa pekee Sidónia, na mimi. Sidónia, mwanangu, nimeyasoma haya mbele ya watu ili usije ukasema hukuambiwa. Mwenye kufunga jeneza amesimama pembeni, nimemwomba asubiri. Ile kalibu ya ngazi iweke humu wewe mwenyewe, hakuna atakayekukaripia. Bibi yako amekaa karibu yako, na hasikilizi maneno yangu. Anasikiliza kifua chako.

Vendelín apumzike kwa amani, na awe wa mwisho.