Ndevu za Mzee Tomasi

Machi 1979, Runazi. Benchi la kahawa la Eufrazia lilikuwa mbele ya duka la kijiji, kando ya njia ya zahanati. Asubuhi hiyo walikaa watatu: Bartholomayo, aliyeitwa Redio; Emilian, aliyeitwa Kamanda ingawa hakuwahi kukanyaga jeshini; na Mzee Ndassa, aliyepiga dawa katika shamba la pamba la kijiji pamoja na babu yangu Tomasi. Babu alikuwa ameanguka shambani muda mfupi kabla, bomba la dawa mgongoni na maski usoni. Walikuwa wamempeleka zahanati kwa machela, wakarudi hapa kusubiri habari.

REDIO: Mtu kavaa maski, kaangukaje? Hiyo ni gesi ya adui. Imekuja na upepo kutoka Uganda.

KAMANDA: Upepo uvuke Karagwe yote, uje umchague Tomasi peke yake?

REDIO: Haya sema wewe, Kamanda wa vikombe.

KAMANDA: Kuna jasusi kijijini. Maski imetobolewa.

NDASSA: Itobolewe na nani? Nimeiosha mwenyewe jana kwa sabuni, nikaianika kivulini. Kichujio kipya. Nimekiziba kwa kiganja nikavuta pumzi, haivuji.

REDIO: Basi amerogwa!

EUFRAZIA: Nyie wanaume! Maski nimemvua mimi, mlipompitisha hapa na machela. Ndani kulikuwa kweupe kwa dawa. Ndevu zote nyeupe, mpaka midomoni.

Ndassa aliweka kikombe chini.

NDASSA: Ndani?

EUFRAZIA: Ndani, shemeji.

NDASSA: Yesu wangu! Mpira wa maski umelalia ndevu, haukushika ngozi. Dawa ilikuwa inapita pembeni, naye anaivuta. Bwana shamba alipotufundisha, Tomasi alikuwa ananyoa kila Jumapili. Sasa amefuga, na mimi nimemfunga mikanda kwa mikono yangu hii, nikamwambia nenda.

KAMANDA: Si angenyoa tu!

NDASSA: Anyoe, mwanawe yuko vitani? Kwao mtoto akienda vitani, baba hufuga ndevu mpaka arudi; akinyoa kabla, ni siku ya msiba. Akinyoa leo, amemzika mtoto.

Limi alikuwa anakuja mbio kutoka zahanati. Huyo ni mke wa Ngeleja, mtoto wa Tomasi aliyeko vitani. Ndiye mama yangu.

LIMI: Shikamooni.

NDASSA: Marahaba, mwanangu. Anaendeleaje?

LIMI: Anapumua kwa shida. Tabibu anasema ndevu zimejaa dawa, zinyolewe sasa hivi. Baba ameukamata mkono wa tabibu wenye wembe, hauachii. Nyie mnaopata habari zote, niambieni nikamwambie: Ngeleja yuko hai?

Ndassa alitazama viganja vyake.

Eufrazia aliepua birika motoni, akamimina kwenye karai maji yote ya moto aliyotenga kwa kahawa, akajitwisha.

— Twende, mwanangu, alisema. Mkono wake nitaushika mimi, anyolewe.