Njaa Mdomoni, Sukari Damuni: Nanyokie wa Raphaeli

Marehemu Nanyokie Lomayani alizaliwa tarehe 14 Mei 1994 kijijini Engaresero, wilaya ya Ngorongoro, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Lomayani na Mama Resiato. Mimi ninayewasomea ni Antonia, wifi yake. Nasoma kwa sababu kaka yangu Raphaeli hawezi, na mnanijua, sina tabia ya kumung'unya maneno.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia 2002 hadi 2008, kisha sekondari huko Digodigo hadi 2012. Wenzake wa bweni wanamkumbuka kwa ulaji. Maharage yenye wadudu, ambayo wengine waliyasusia, yeye aliyamaliza na kuomba ya jirani. "Kwetu hatuli mdudu," alisema, "lakini huyu ameniomba mwenyewe."

Mwaka 2013 alianza kupika katika kambi ya watalii Engaresero, na 2015 akahamia lodge moja hapa Karatu, akioka mikate. Raphaeli, dereva wa watalii, akaanza kusahau vitu jikoni kila siku ili arudi kuvichukua. Walifunga ndoa tarehe 8 Oktoba 2016 parokiani hapa. Kiiraqw, lugha yetu, alikijua upesi, akianzia na matusi. Mwalimu wake nilikuwa mimi.

Mungu hakuwapa watoto kwa urahisi. Wa kwanza, Juni 2018, alikuwa mkubwa mno, akakwama na kufariki akizaliwa. Wa pili alinyamaza tumboni mimba ikiwa ya miezi tisa, Februari 2022. Naye alikuwa mkubwa.

Alipobeba mimba ya tatu mwaka jana, Mama Resiato alikuja kutoka Engaresero kumlinda kwa desturi ya kwao, kwamba mjamzito ajinyime chakula ili mtoto awe mdogo na atoke salama. Mlaji yule wa Digodigo akawa anashinda na chai isiyo na sukari. Mashavu yakaingia ndani. Ndipo sisimizi walipoanza. Walijipanga bafuni mahali alipooga, wakapanda kamba ya nguo na kukaa kwenye pindo za kanga zake. Kanga zangu zilikuwa kwenye kamba hiyohiyo na hawakuzigusa.

Kliniki walikuwa wakifanya utafiti wa damu za wajawazito, naye alikuwa amejiunga tangu Agosti. Novemba sukari yake, iliyopimwa asubuhi kabla ya kula, ilikutwa juu. Nesi akamwambia amekula njiani. Mama Resiato aliapa: "Mimi nalala naye, naamka naye. Hajala kitu huyu!" Wakapima tena siku nyingine, ikawa juu zaidi.

Benson, mtu wa maabara, alitueleza taratibu. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoizuia insulini, ile inayoshusha sukari, isifanye kazi, na ini humwaga sukari kwenye damu hata mama akiwa na njaa, na inayozidi hutoka na mkojo. Akasema damu ile ya Agosti, kabla sukari haijapanda, tayari ilikuwa na dalili. Homoni inayoisaidia insulini ilikuwa chini, na zile alama zinazopanda mtu akiwa na kidonda zilikuwa juu. "Mwili unapigana," alisema, "lakini kidonda hatukioni."

"Umesikia?" Mama Resiato aliniuliza tukitoka. "Hata daktari anajua kuna kitu ndani, kinakula kwa mdomo wake." Nilicheka. Nilipofika nyumbani nilianua kanga zangu nikazianika kwingine.

Alipewa sindano za insulini, na maagizo kwamba akichoma lazima ale. Baada ya muda sisimizi wakaondoka. Bafu likawa safi, kamba ikawa safi. Tulifurahi, Raphaeli akachinja mbuzi. Marehemu alionja mchuzi tu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, sindano inamfanya mtoto mdogo, na njaa inamfanya mdogo. Nikiviweka pamoja, huyu atatoka." Niligomba, akaahidi kula. Mbele yetu alikula. Tukimpa kisogo, sahani ilikwenda chini ya kitanda.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 22 Januari 2025, alichoma sindano akaketi kwenye kiti uani, uso ukielekea msitu wa Ngorongoro. Mama yake alimsemesha kwa muda, akidhani anasikilizwa kwa kuwa macho ya mwanawe yalikuwa wazi. Hospitali kipimo cha sukari hakikutoa namba, kilitoa herufi mbili tu, maana yake ipo chini kuliko kinavyoweza kuhesabu. Walimpasua wakamtoa mtoto akiwa hai, wa kike, mdogo kama alivyotaka. Yeye alifariki saa tisa alasiri. Tunamlilia, na hasira ninayo, wala sijui nimpelekee nani.

Ameacha mume, Raphaeli Silvanus. Baba, Mzee Lomayani. Ndugu zake wa Engaresero. Sisi mawifi na mashemeji. Na binti ambaye bado hana jina. Mama Resiato hayupo hapa kaburini, msimtafute. Sukari ya mtoto inashuka kila akikaa bila kula, kwa hiyo bibi yake yuko wodini na kijiko, anamlisha, na amekataa kusimama hata kwa ajili ya kumzika mwanawe. Anasema mtoto hufumbua mdomo kabla kijiko hakijafika.

Nanyokie, kula sasa, ushibe, na upumzike kwa amani.