Bwana Herufi na Nusu Yake ya Bango

Marehemu, tuliyemzoea wote kwa jina la Bwana Herufi, alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika chumba namba tisa cha nyumba za wafanyakazi wa reli. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa fundi breki na mshonaji. Maneno haya yanasomwa na mdogo wake wa kike, lakini aliyeyaandika ni Mchoraji, mwenzake wa kazi kwa miaka ishirini na saba. Mjane ndiye aliyemwomba. Mchoraji alikataa, akasema maneno yalikuwa kazi ya marehemu. Mjane akamuuliza, "Sasa shemeji, unataka nimwombe yeye?" Mchoraji akachukua kalamu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968. Alipofika darasa la tatu alipewa kazi ya kuandika tarehe ubaoni kila asubuhi, na aliiandika kwa madaha hata nusu ya kipindi cha hesabu ikaisha. Mwalimu wa hesabu alimnyang'anya chaki, mwalimu wa lugha akamrudishia. Alimaliza sekondari mwaka 1978.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kwenye kiwanda cha uchapaji, kupanga herufi, hadi kilipofungwa Desemba 1996. Siku hiyo akirudi nyumbani na sanduku lake alimkuta Mchoraji akimaliza mlango wa kinyozi. Mchoraji alikuwa amechora kichwa kikubwa mno, neno likakosa nafasi: KINYOZ iko mlangoni, I iko kwenye fremu. Bwana Herufi alisimama, akasoma kwa sauti. "Ndugu, mlango ukifunguliwa, hiyo I inabaki nje." Mchoraji akamwambia ashike njia yake. Kesho yake Bwana Herufi alirudi na uzi wa chaki na rula, na tarehe 3 Februari 1997 wakafungua karakana yao ya mabango nyuma ya duka la matairi, chumba kimoja, dirisha moja.

Kwa tabia, hawa hawakuwa watu wa kupikika chungu kimoja. Mchoraji ana mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Marehemu alipima mara tatu ndipo achovye brashi. Miezi ya mwanzo waligombana kwa kila bango. Ndipo marehemu akaleta sheria. Kila bango lilipigwa mstari wa chaki katikati, huku herufi, huku picha, na hakuna brashi kuvuka bila hodi. Ukiambiwa "bado," unangoja. Wateja walicheka kusikia watu wazima wawili wakipigiana hodi ndani ya chumba kimoja, lakini mabango yalitoka mazuri, na chumba kimoja kikawa vitatu. Mashine za kuchapa zilipoingia mjini, wengi walifunga. Hawa walibaki, kwa sababu, alivyosema marehemu, mashine haikubishii.

Alifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1987 na muuguzi wa zahanati, wakajaliwa mabinti wawili. Barua yake ya posa ilirudishwa mara ya kwanza. Mwandiko ulikuwa safi mno, bibi harusi akadhani imechapwa kiwandani na wasichana wengine nao wametumiwa.

Septemba 2023 alipata kiharusi chepesi, kikamshika mkono wa kulia. Novemba alirudi kazini, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike. Bango la kwanza lilikuwa la shule ya chekechea, na herufi S ilitetemeka. Mchoraji aliona. Kesho yake aliwahi saa nzima kabla ya mwenzake, akaipaka upya. Akafanya hivyo miezi saba, mabango arobaini na moja, bila hodi hata moja. Marehemu akifika alilitazama bango, akasema, "Limekauka vizuri," akavua koti. Mchoraji hakujua kama alijua. Alitaka kumwambia, akawa anapiga kalenda, hadi kiharusi cha pili kilipomchukua. Bwana Herufi alifariki hospitalini Alhamisi, tarehe 13 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Tangu hapo Mchoraji anakula, anaitikia salamu, anapokea simu. Hahisi kitu. Amebanwa na lile moja tu, kwamba alimdharau mwenzake nyuma ya mgongo wake, na sasa hakuna wa kumwomba radhi.

Jumapili alimpelekea mjane karatasi hizi. Mjane alisoma mpaka hapo, akavua miwani.

"Ndilo linalokukaba hili? Alijua, shemeji. Tangu hiyo ya chekechea. Tulipita pale Januari, akasimama. Akaniambia, 'Hii S si yangu. Shemeji yako amepita bila hodi.'"

"Akaumia?"

"Sana. Siku mbili hakusema na mtu. Ya tatu, yuko mezani, akaanza kucheka peke yake. Akasema, 'Mwache, tumetoka sare. Yule ng'ombe wake wa duka la maziwa alimchora na chuchu tatu. Ya nne nilimtilia mimi, alipokwenda kunywa chai.'"

Huyo ng'ombe ni wa mwaka 1998. Ndiye Mchoraji anayewapeleka wateja wapya kumwona, ndiye anayejisifia kila anapopata nafasi. Jana asubuhi alikwenda kusimama mbele yake. Chuchu tatu zimepinda kidogo, kama alivyozoea kuchora. Ya nne imenyooka wima, imepakwa kwa brashi bapa ya herufi. Muuza maziwa akatoka kumuuliza kama bango lina kasoro. Mchoraji akasema halina, kisha akakaa chini pale kizingitini na kulia mbele za watu.

Alitaka kulifuta hili kabla ya kuchapwa. Mjane amekataa.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, mdogo wake wa kike, na mwenzake. Neno hilo la mwisho Mchoraji hakuliandika. Limeongezwa na mjane kwa mkono wake.

Mungu ampe pumziko jema.